Merikebu ya Posta na Pwani ya Norwei



Mwaka 1154, katika kisiwa cha Sisilia, mwanachuoni Sharif al-Idrisi, aliyekuwa chini ya hifadhi ya Mfalme Roger wa Pili, alimaliza kuandika kitabu kikubwa cha habari za nchi za dunia, na ndani yake alizitaja Malindi na Mombasa pamoja na chuma kilichokuwa tijara ya watu wake, kisha katika kurasa nyingine za kitabu hicho hicho akaitaja nchi iliyo pembeni kabisa mwa kaskazini, ambayo yeye aliiita Norwaga. Basi pwani yetu na pwani ninayokusudia kuizungumza zimekaa katika jalada moja kwa zaidi ya karne nane, ingawa yalikuwa baina yao masafa ambayo baharia wa zama zile asingeyamaliza katika umri wake.

Nchi hiyo ndiyo Norwei ya leo. Kila mwaka watu wenye nafasi huiendea kwa merikebu kubwa za matembezi, zinazong'oa nanga Southampton, Hamburg au Copenhagen, na kuingia katika yale mahori marefu yaliyosifika duniani kwa jina la fiodi, ambamo majabali husimama wima pande zote mbili na maporomoko ya maji hushuka kutoka juu hadi baharini. Siwalaumu hata kidogo, maana jicho la binadamu limeumbwa kupenda uzuri. Walakini ninayo rai, nayo ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti: kwamba pwani ile haimfunukii sawasawa mtu anayepita kuitazama tu, bali humfunukia yule aliyetambua kwamba maji yale ni njia kuu ya wenyeji, iliyofunguliwa kwa ujasiri na taabu nyingi, na kwamba merikebu bora ya kuionea ni ile inayowatumikia wao kwanza na kumchukua mgeni baadaye.

Kwanza yatupasa kufahamu fiodi ni kitu gani. Ni hori la bahari, lakini ni hori lililochimbwa na barafu. Katika zama zilizopita, kabla ya historia kuandikwa, nchi yote ile ilifunikwa na barafu yenye unene wa maelfu ya futi, na barafu hiyo haikutulia, ila ilitambaa polepole kuelekea baharini kwa kufuata mabonde ya mito, ikikwangua miamba kwa uzito wake na kwa mawe iliyoyakokota chini yake, mpaka mabonde yakawa makorongo yenye kina kinachopita kina cha bahari iliyo nje. Hori la Sognefjord lina urefu wa kilomita 204, na katika sehemu zake za ndani maji hufika kina cha zaidi ya mita 1,300, ilhali mlangoni, pale barafu ilipoanza kuelea na kupoteza nguvu, kina ni kidogo mno kuliko hicho. Ndiyo sababu merikebu kubwa huweza kupita karibu na ukuta wa jabali bila ya kuogopa kukwama.

Tena liko jambo moja ambalo mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki ana haki ya kulijua. Barafu ile, pamoja na nyingine ya namna yake iliyofunika kaskazini ya dunia, ilipoyeyuka, maji yake yaliirudia bahari na kuinua usawa wake duniani kote kwa kadiri ya mita 120, na maji hayo hayo ndiyo yaliyopanda katika mabonde ya mito ya kwetu na kuyageuza kuwa mahori, yakiwamo Tudor na Mtwapa, na ile bandari yenye kina ya Kilindini. Kwa hiyo meli inayotia nanga Mombasa leo inaelea juu ya maji ambayo zamani yalikuwa barafu ya kaskazini, na mimi kila nipitapo kivuko cha Likoni hulikumbuka jambo hili kwa mshangao.

Sasa tuje kwa watu. Norwei ni nchi ya majabali, ambayo ardhi yake inayolimika haizidi sana sehemu tatu katika mia. Ukiipima pwani yake pamoja na kila hori na kila kisiwa unapata zaidi ya kilomita 100,000. Katika nchi ya namna hiyo barabara ni kazi ngumu na reli ni ngumu zaidi. Reli ya kaskazini ilifika Bodø mwaka 1962, na mpaka leo haijakwenda mbele zaidi. Wenyeji walijenga nyumba zao ukingoni mwa maji, wakawa na mashua mlangoni kama wengine wawavyo na farasi, na yaliyowafika kutoka ulimwenguni yaliwafika kwa njia ya bahari au hayakuwafika kabisa.

Na bahari yenyewe ilikuwa ya kuogofya. Barua iliyotoka Trondheim kwenda Hammerfest ilichukua kama wiki tatu katika majira ya joto, na katika majira ya baridi iliweza kuchukua miezi mitano. Fikirini, wasikilizaji: mtu afariki mwezi wa Novemba, na mwanawe aliye upande wa pili wa nchi moja apate habari wakati theluji inapoyeyuka! Sababu yake haikuwa barafu ya bahari, maana mkondo wa maji ya uvuguvugu unaotoka upande wa Ghuba ya Meksiko huizuia pwani ile kuganda hata ilipo kaskazini kabisa. Sababu ilikuwa giza. Kaskazini ya Trondheim ilikuwako minara 28 tu ya taa, ramani za bahari zilikuwa haba, miamba iliyojificha ilikuwa haina idadi, na kwa wiki nyingi jua halichomozi. Mwaka 1891 inspekta wa serikali, August Kriegsman Gran, alipotoa rai ya kuwapo merikebu ya haraka ya posta itakayosafiri mchana na usiku, majira ya joto na majira ya baridi, wenye makampuni makubwa waliona jambo hilo haliwezekani, wakalikataa.

Aliyelikubali alikuwa nahodha Richard With, mzaliwa wa Tromsø wa mwaka 1846, ambaye alikuwa ameanzisha kampuni ndogo ya meli katika mji wa Stokmarknes, penye visiwa vya Vesterålen. Yeye na rubani wake Anders Holthe walikuwa na kitu ambacho matajiri wa Bergen na Trondheim hawakuwa nacho. Kwa miaka kadhaa, katika kila safari, walikuwa wameandika daftarini mwelekeo wa dira, mwendo wa chombo, na dakika ngapi chombo huchukua kutoka rasi hii mpaka mwamba ule, hata ikawa wanaweza kuipitisha merikebu katika giza totoro kwa kutazama dira na saa peke yake. Ni elimu isiyo na fahari machoni pa watu, lakini kwa hukumu yangu ni katika elimu tukufu, maana ilipatikana kwa subira, na manufaa yake yakawa ya kila mtu. Serikali ilifanya mkataba na With na kumpa ruzuku, na tarehe 2 Julai 1893 merikebu yake Vesteraalen iling'oa nanga Trondheim, na tarehe 5 asubuhi ikafika Hammerfest baada ya saa 67. Habari za wiki tatu zikawa habari za siku tatu. Mwaka uliofuata makampuni mengine yaliyokuwa yakisita yalijiunga na njia hiyo, mwaka 1898 ikasogezwa kusini mpaka Bergen, na hatimaye ikafika Kirkenes, mpakani mwa Urusi. Wanorwei huiita Hurtigruten, yaani njia ya haraka, nayo husimama katika bandari 34, na huchukua siku 12 kwenda na kurudi.

Safari huanza Bergen, mji ambao asili yake hutajwa kuwa mwaka 1070, na ambao mvua yake hunyesha zaidi ya siku 200 katika mwaka. Gatini pake zimepangana nyumba za mbao za rangi nyekundu na manjano, zenye mapaa ya pembe, ziitwazo Bryggen, na humo kwa karne nyingi wafanya biashara wa Kijerumani wa jumuiya ya Hansa waliweka dukani nafaka kutoka kusini na kuibadilisha kwa ng'onda kutoka kaskazini. Ng'onda hao ndio waliokuwa utajiri wa nchi ile kabla ya mafuta kuonekana chini ya bahari. Nitawarudia.

Kaskazini ya Bergen merikebu hufika Ålesund, mji ulioteketea kwa moto tarehe 23 Januari 1904, ukajengwa upya kwa mawe katika miaka michache, nao ni mji mzuri wa kutembea kwa miguu. Kutoka hapo, wakati wa majira ya joto, merikebu ya posta imezoea kukata ndani mpaka Geirangerfjord, ambayo tangu mwaka 2005 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hori hili lina urefu wa kilomita 15 tu. Maporomoko saba yanayoitwa Dada Saba hushuka upande mmoja, na la nane, liitwalo Mposaji, huwakabili upande wa pili. Wageni hupiga picha, nami nilipiga. Walakini jicho langu halikutulia juu ya maji yale. Lilivutwa na nyumba ndogo za wakulima zilizo juu ya magenge, mfano wa Skageflå iliyo mita 250 hivi juu ya bahari, ambamo watu waliishi na mbuzi wao vizazi kwa vizazi, na ambako husimuliwa kwamba watoto wadogo walifungwa kamba viunoni wasije wakatumbukia, na kwamba mtoza ushuru alipokuja chini kwa mashua, wenyeji waliivuta juu ngazi. Leo hakuna anayekaa huko. Tena jabali lenyewe si la kuaminiwa: usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 1934, katika tawi la jirani liitwalo Tafjord, kipande cha mlima kiliporomoka majini, kikainua wimbi lililowaangamiza watu 40, na sasa wataalamu huulinda usiku na mchana ufa wa mlima wa Åkerneset, wakipima hata milimita za mwendo wake. Anayeusifu uzuri wa mahali pale na autaje pia ujasiri wa wanaolala chini ya mlima huo.

Trondheim, yenye kanisa kuu la Nidaros, nawaachia wenye kitabu cha historia. Baadaye chombo huvuka mstari wa Aktiki, penye alama ya tufe la chuma juu ya kisiwa kidogo cha Vikingen, na siku hiyo hiyo jioni, ikiwa hewa ni safi, hutokea mbele ya omo safu ya milima ya visiwa vya Lofoten, ambayo kwa mbali hudhaniwa kuwa ukuta mmoja usiokatika.

Hapa ningependa mtu ashuke akae. Kila mwaka, tangu Januari mpaka Aprili, samaki wa jamii ya chewa wa maji baridi, ambao wenyeji huwaita skrei, huja kwa makundi makubwa kutoka Bahari ya Barents kutaga mayai katika maji ya Lofoten, na wavuvi huwafuata kutoka pwani nzima. Samaki hukatwa kichwa, wakafungwa wawili wawili mikiani, wakaanikwa juu ya vichanja vya miti, bila ya chumvi hata chembe, na baridi ya pale, isiyogandisha sana wala kuozesha, huwakausha mpaka mwezi wa Mei. Watoto wa shule hupewa kazi ya kukata ndimi za samaki, na fedha zake ni zao. Samaki walio bora huenda Italia, ambako waliingia kwa habari za Pietro Querini, tajiri wa Venice ambaye chombo chake kilivunjika, naye akaokolewa na wavuvi wa kisiwa cha Røst mwaka 1432. Na vichwa vilivyokaushwa huenda Nigeria, vikatiwa katika mchuzi. Ndivyo bara letu la Afrika linavyokula kutoka Lofoten, ingawa si sisi wa upande huu.

Pembeni hapo pana hori jembamba liitwalo Trollfjord, ambalo mlango wake una upana wa mita 100 tu. Mgeni huonyeshwa jinsi nahodha anavyoigeuza merikebu ndani yake, akashangilia. Lakini mwezi wa Machi 1890 samaki walijazana humo, na meli za moshi za matajiri zikaufunga mlango ili wavuvi wadogo wa mashua za makasia wasiingie; nao wavuvi waliingia kwa nguvu, wakapigana kwa makasia na mawe na maji ya moto, wakashinda. Sheria zilizofuata zilizikataza meli za moshi kuvua kwa nyavu za kuzingira katika maji ya Lofoten. Wanyonge walipata insafu, na mahali pale kwangu ni pazuri maradufu kwa sababu hiyo.

Kutoka Tromsø kwenda mbele jua ndilo sultani. Katika Rasi ya Kaskazini halizami tangu katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai, na wakati wa baridi huadimika kwa wiki nyingi, mbingu zikaachiwa ile nuru ya kijani inayotembea, ambayo mtaalamu wa Kinorwei Kristian Birkeland alipanda milima mwaka 1899 ili aichunguze, akaonyesha kwamba hutokana na chembe zinazorushwa na jua. Muislamu atauliza bila shaka juu ya sala. Suala hilo ni la kale: Ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa wa Baghdad aliyefika kwa Wabulgari wa mto Volga mwaka 922, aliona usiku mfupi mno hata sala ya isha ikakaribiana na alfajiri. Ndugu zetu wa Tromsø, ambao wengi asili yao ni Somalia, wapo miongoni mwao waliochagua kufuata saa za Makka katika siku ambazo jua halina machweo, na sala husimama kwa jamaa.

Hammerfest ni mji mdogo ambao hauonyeshi cha kale, na sababu yake inauma. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944, majeshi ya Kijerumani yaliporudi nyuma mbele ya Warusi, Hitler aliamuru mkoa wote wa Finnmark uchomwe na watu wake watolewe. Watu wapatao 50,000 walihamishwa, wengine wakajificha mapangoni na chini ya mashua zilizopinduliwa, na Hammerfest haikubakiwa na jengo ila kanisa dogo la makaburini. Merikebu za posta nazo zilikuwa zikizama miaka hiyo yote kwa mabomu ya majini na ya ndege, zikiwa na abiria ndani, na bado zilizosalia ziliendelea kusafiri, kwani pasipo hizo visiwa vingelikufa njaa. Baada ya vita zilirudisha watu, mbao na misumari.

Rasi ya Kaskazini yenyewe, jabali la mita 307 lililopewa jina na mabaharia wa Kiingereza mwaka 1553, ndipo wageni wengi wanapopaona kuwa kilele cha safari. Mimi sikuona hivyo. Ni mahali pa upepo na mkahawa, na hapana mwenyeji anayeishi juu yake. Kilele changu kilikuwa katika bandari ndogo ambazo merikebu huzifikia saa nane au saa tisa za usiku na kusimama robo saa, ambapo kamba hutupwa, mlango wa ubavuni hufunguliwa, hushushwa sanduku la dawa, tairi za gari na mzigo wa mboga, akapanda kijana na begi lake anayekwenda chuoni, mama yake akasimama gatini hata taa za chombo zikapotea nyuma ya kisiwa.

Nasema haya kwa kuwa lipo shauri linaloikabili nchi ile. Merikebu za matembezi zimekuwa kubwa kupita kiasi. Moja huweza kumwaga maelfu ya watu katika kijiji cha Geiranger, chenye wakazi wasiozidi mia tatu wakati wa baridi, na moshi wake, kwa kuwa majabali huzuia upepo, hukaa humo horini siku nzima. Mwaka 2018 bunge la Norwei liliazimia kwamba mahori yaliyo katika urithi wa dunia yasiingiwe na chombo kinachotoa moshi ifikapo mwaka 2026; baadaye sharti hilo likaachiwa meli ndogo tu kuanzia mwaka huo, na zile kubwa zikapewa muhula mpaka mwaka 2032. Naona muhula huo ni mrefu, maana mwaka 2022 meli mpya ya njia ya posta iliingia Geirangerfjord na kutoka kwa nguvu ya betri tupu, na lililowezekana kwa chombo chenye kazi ya kila siku haliwezi kuwa muhali kwa chombo cha anasa.

Wanorwei wenyewe wamekwisha kuonyesha wanakipenda kitu gani. Mwezi wa Juni 2011 shirika lao la utangazaji lilirusha safari nzima ya merikebu ya posta kutoka Bergen mpaka Kirkenes, saa 134 mfululizo bila kukatiza, hakuna mchezo wala hadithi ndani yake, ila chombo kinakwenda. Zaidi ya nusu ya watu wa nchi walitazama kwa wakati fulani, na watu wa bandari ndogo walitoka usiku wa manane wakajipanga gatini kwa bendera na ngoma kuipokea. Sisi tulio katika kazi hii ya utangazaji hatuna budi kulifikiri jambo hilo.

Basi msikilizaji mwenye nia na uwezo wa safari hii, nakusihi upande merikebu ya posta. Nenda mwezi wa Machi ukitaka kuwaona wavuvi wa Lofoten kazini na nuru ya usiku, au Juni ukitaka jua lisilozama, na katika majira yote mawili chukua nguo nzito. Bandari utakazozipita usiku wakati wa kwenda, aghalabu utazipita mchana wakati wa kurudi. Lakini usiyangoje marejeo. Itazame ratiba, umwombe mhudumu akuamshe, ushuke gatini uwasalimu watu.